Bodi Iliyodhaniwa Imekufa

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023. Upepo mkali wa mji wa Hsinchu tangu alfajiri, mawingu ya rangi ya majivu, mvua hakuna.

Fang Pei-chun alirudi kazini siku ya tisa tangu mama yake afariki. Pole za watu alizijibu kwa kuinamisha kichwa. Moyoni hakusikia kitu, ganzi tupu.

Mezani palikuwa na bodi ndogo ya kompyuta, ya kupimia kina cha mito, ya kwanza katika oda ya mteja. Bodi hizo hazina skrini. Ukitaka kujua zinasema nini, unachomeka kebo, na kiini cha mfumo kinakutumia maneno yake mstari kwa mstari. Hii ilitoa mistari mia mbili na kitu, ikanyamaza. Ikizimwa na kuwashwa, inanyamaza pale pale.

"Lehemu ya Shu-yun hiyo," alisema Chuang, mkuu wa karakana. "Pakiti ya kijani ya vitafunio, ile tunayoiweka ili mashine zisigome, iko juu ya mashine, na tarehe yake haijapita. Basi si mkosi, ni mkono. Saa kumi naandika ripoti, nafasi yake itafutiwe mtu."

"Mkono unaotetemeka ni wako, bosi, ukishika kikombe," Shu-yun alijibu, jicho lake likiwa bado kwenye darubini. Alikuwa amechomelea bodi miaka ishirini.

"Shangazi, maneno hayo yaweke ya kuagia."

Pei-chun alifungua faili la amri za kuwashia, akasoma polepole. Njia mbili za kusemea zilitajwa: kwanza kebo, kisha skrini. Kiini husema kwa zote mbili, lakini kikishaamka na kukabidhi kazi kwa programu, sauti hubaki kwa ile iliyotajwa mwisho. Bodi haikufa. Ilikuwa ikiongea na skrini isiyokuwapo.

Mstari ule aliuandika yeye mwenyewe, kwenye benchi la wodi ya mama yake, akinakili kazi ya zamani iliyokuwa na skrini.

Angeweza kuurekebisha kimya kimya, aseme bodi imeamka yenyewe. Lakini lawama ingebaki kwa Shu-yun.

Saa tisa na nusu alilihamishia neno la kebo mwisho wa mstari ule, akawasha. Mistari ikapita bila kusimama, hadi bodi ikauliza jina la mtumiaji.

"Imepona?" Chuang aliuliza.

"Haikuugua, bosi. Kosa ni langu. Lehemu ni safi."

"Dada Pei, umetoka msibani. Tunaweza kusema tu kwamba…"

"Andika jina langu."

Chuang alikuna shingo, akaandika. Shu-yun akavua miwani.

"Mjinga wewe. Umekula lakini?"

"Bado."

Akamsogezea nusu ya andazi lake la nyama. Pei-chun alilitafuna lote. Alitafuta furaha ndani yake, hakuikuta. Hata aibu hakuikuta.

Kesho yake asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, alimwandikia mteja barua ya kukiri kosa, akagonga chini muhuri wa jina lake, akaiweka mezani kwa Chuang. Kisha akakaa, akachomeka kebo kwenye bodi ya pili.