Kashindye na Radi za Mchana

Usiku ule Selina hakulala, kwa sababu ya mwanamume aliyekwenda kupiga picha radi asirudi. Angekuwa mvuvi, mkewe angelia kwa heshima. Kwa hili alikaa kitandani na viatu miguuni, akiomba na kutukana kwa zamu.

Kashindye, mumewe, alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti Butimba. Radi ya usiku hakuitaka. Usiku, alisema, hata mjinga anaacha kamera wazi na kusubiri. Mchana ndipo penye kazi, maana mwanga hufuta kila kitu. Basi akafunga kioo cheusi mbele ya lenzi, na kila wingu lilipopanda kutoka ziwani, watu wenye akili wakifunika vioo vya nyumbani kwa kanga visije vikaiita radi, yeye alipanda jiwe na chake akakielekeza juu.

Alfajiri simu ikaita. Radi ilikuwa imeua ng'ombe kwenye kitongoji kimoja mbele ya Usagara, na sungusungu, walinzi wa kijiji, walimkuta mtu juu ya jiwe, na kioo mkononi. Wamemfungia ghalani na kifaa chake, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Mwenye ng'ombe yuko njiani, na ana hasira.

Selina alipofika alimkuta kamanda wao, mzee Shimba, amesimama na wenzake mlangoni pa ghala, rungu kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye mumeo huyu anayeita radi?"

"Huyu?" Selina akawatazama mmoja mmoja. "Huyu akiita kuku, kuku wanakimbilia kwa jirani. Na ninyi wanaume wazima mmekesha mnamlinda?"

Akawaeleza habari za picha zake: masika baada ya masika, nyeupe kama unga wa muhogo, na moja ya kidole chake mwenyewe. Wakaanza kucheka, mmoja akajifuta machozi. Mzee Shimba akaegemeza rungu ukutani, akashika komeo.

"Tangu azaliwe hajapata radi hata moja," Selina akamalizia.

Kule ndani Kashindye alikuwa amevumilia yote, hata kuku. Hili lilimshinda.

"Mama Luhende, usinivunjie heshima mbele za watu," akamwambia mkewe. "Ya jana nimeipata. Ile ile iliyoua ng'ombe. Iko humu kwenye kamera, safi kabisa."

Kicheko kikakatika. Mzee Shimba akaachia komeo, akachukua rungu lake, akauegemea mlango kwa mgongo.