Mizunguko Saba kwa Gauni Moja

Mimi ni fundi cherehani wa Ikolo, wilayani Kyela, na kwa miaka tisa watu walinijua kwa uongo. Si uongo wa mambo makubwa, hapana. Wangu ulikuwa wa neno moja tu: kesho. Mteja akija, kesho. Akirudi hiyo kesho, kesho tena. Kuna mama mmoja alikichukua kitenge chake kabla hakijaguswa na mkasi, akakifunga kiunoni mbele yangu, akaenda zake. Nilicheka hadi machozi, lakini moyoni iliniuma.

Basi kwaya yetu ikaalikwa kwenda kuimba ng'ambo, Malawi. Sare zikatakiwa, magauni kumi na manne na mashati manane, ndani ya wiki mbili. Mwenyekiti wa kwaya, mama wa sauti ya kwanza mwenye maneno makali kuliko hiyo sauti, alitaka kazi ipelekwe Kyela mjini. Mwalimu wa kwaya akanitetea mpaka nikapewa. Mwenyekiti akavileta vitambaa yeye mwenyewe, akavitua mezani, akasema, "Ukituletea kesho yako safari hii, hakuna mtu wa kanisa hili atakayekuamini tena. Nitahakikisha." Nilijua hatanii.

Mdogo wangu alikuwa likizo kutoka chuo. Alikaa kibarazani ninaposhonea siku nzima akinitazama, jioni akaniambia, "Dada, wewe si mvivu. Unashona kidogo, unapiga stori, unashona, unaenda kuangalia kakao uliyoanika, halafu hujui saa zimekwenda wapi." Nilikasirika mpaka nikamnyima chai. Lakini asubuhi alichukua simu yangu, akapanga nyimbo kwenye spika: tano za kuchangamka, kisha moja ya taratibu. Zikipiga zile tano, mguu usitoke kwenye pedali na mdomo ufungwe. Ikianza ya taratibu nisimame, nipende nisipende, hata kama sindano iko katikati ya kwapa la mtu. Tukauita mzunguko.

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Aliweka nyimbo za mbio mno, mguu ukazifuata, na cherehani ya miguu haina breki. Nilikuja kushtuka nimeshona mkono wa gauni kwenye tundu la shingo. Mdogo wangu alilining'iniza mbele ya macho yangu, mkono ukilegea shingoni kama mkonga, akauliza, kwani kwaya yenu ina tembo? Tulicheka tukashindwa kufumua.

Tukapunguza kasi. Baada ya hapo, jamani, niliona raha ambayo sijawahi kuiona kazini. Wimbo wa taratibu ukiingia naruka kutoka kwenye kiti, nageuza kakao kwenye mkeka, nakunywa maji, narudi nacheza. Majirani wakaishika ratiba. Waliozoea kunijia muda wowote sasa walisubiri kwenye migomba. Wakisikia ya taratibu wanatokea mbio, wanamwaga umbea wote kwa pumzi moja, wimbo ukiisha nawafukuza. Muuza maandazi wa jirani akaacha kabisa kuangalia saa. Unga wake ukawa unaumuka mizunguko miwili.

Na mimi nikaanza kuhesabu. Gauni la kwanza lilikula mizunguko saba. La pili, saba. La tatu, saba na nusu, maana uzi ulikatika. Nilikaa nikashika kichwa. Miaka tisa nimeahidi magauni bila kujua gauni moja linakula muda gani! Niliposema kesho, niliamini kweli ni kesho. Nilitamani kumfuata kila mteja wa zamani nimwambie sikuwa mwongo, nilikuwa mjinga tu.

Ijumaa umeme ukakatika. Jumamosi, kesho yake ndiyo safari, simu na spika vyote vimezima, na lilibaki gauni moja, la mwenyekiti mwenyewe. Nikajaribu kushona kimya kimya. Mguu ukagoma. Mara niko kwenye kakao, mara naongea na mpita njia, mara ni saa nane mchana na gauni bado ni vipande. Niliogopa, sifichi. Nikasikia kwaya inaanza mazoezi ya mwisho kanisani, nikakimbia na tepu yangu shingoni, nikamwomba mwalimu waje waimbie kibarazani kwangu, tano za kuchangamka na moja ya taratibu, mara saba.

Walikuja wakicheka. Shida ikawa wale baba wa sauti ya nne. Kila wakikosea, mwalimu anakatisha wimbo, na wimbo ukikatika mguu wangu nao unasimama. Mara ya tatu niliinuka. "Nyie wa sauti ya nne, mkikosea pitilizeni. La sivyo mwenyekiti wenu atavuka mpaka na gauni la mkono mmoja." Mwenyekiti aligeuka akawatazama, basi, na hawakukosea tena.

Saa kumi na moja na nusu nilikata uzi wa mwisho. Mwenyekiti alilivaa palepale juu ya nguo zake, na tukacheza uani wote, sauti zote nne, hadi vumbi likaingia kwenye kakao yangu na wala sikujali. Akanishika mkono, akasema ndaga fijo, asante sana, ila kwa sauti ya mtu anayeona nimebahatisha.

Jumatatu baada ya safari alirudi na kitenge chake cha harusi ya binti yake. "Ni lini?" akauliza, mdomo umeshakaa tayari kunicheka.

Nilihesabu kwa vidole mashati sita yaliyomtangulia, nikajumlisha mizunguko yake saba. "Alhamisi, saa tisa."

"Si kesho?"

"Hapana, mama. Kesho halitakuwa tayari."

Alikiacha kitenge mezani, akaondoka. Jumanne hakuja kuchungulia. Jumatano alipita njiani akitoka sokoni, akanisalimia kwa mkono, akaendelea na safari yake. Niliinamia pindo machozi yakinilenga, nikicheka peke yangu.

Alhamisi saa tisa aliingia kibarazani. Hakuuliza kama gauni liko tayari. Alinyoosha mikono kulipokea.