Kitenge cha Shemeji Kilichofika Kalahari

Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini Lambert alipofariki katika chumba chake cha Bellevue, Johannesburg, katikati ya mwaka 2016, aliyetangulia kulia ni mdogo wake, Jacques. Alilia akagaragara, akasikika hadi mtaa wa pili, ilhali mjane mwenyewe, Jeanne, bado alikuwa anamfunga marehemu kidevu kwa kipande cha kitambaa cheupe. Jeanne akamtazama shemeji yake pale sakafuni, akajisemea moyoni kwamba huyu ana lake jambo.

Alikuwa nalo, tena kubwa. Lakini tumjue kwanza mwanamke mwenyewe.

Jeanne alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu, mfupi, mpana wa mabega, mwenye hasira za karibu. Nyumba aliyopanga ilikuwa ya familia moja zamani hizo. Sasa ilikuwa imekatwakatwa vyumba, na kila chumba kina nchi yake. Yeye na binti yake Gaëlle walikaa chumba cha kati. Cha uani alikaa Kidawa, mwanamke wa Tanga aliyeuza maandazi asubuhi na maneno mchana kutwa. Kidawa Mwislamu, Jeanne mtu wa kanisa, na jiko lilikuwa moja. Waligombania jiko hilo mpaka wakawa marafiki.

Marehemu Lambert alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi huko Randburg, na chini ya jengo hilo walikuwepo watu wa kuuza safari za kitalii. Vitabu vyao vya picha vilipopitwa na msimu walivitupa, karatasi nzito zinazong'aa, na Lambert hakukubali ziende jalalani. Alimletea mkewe, naye Jeanne akazikata kuwa vipimo vya kukatia nguo. Kipimo chake cha mkono mrefu kilikuwa na simba. Cha kola kilikuwa na kichwa cha twiga. Na cha sketi, alichokipenda kuliko vyote, kilikuwa mchanga mwekundu mtupu, tuta juu ya tuta, hadi ukingoni mwa karatasi.

"Siku moja tutaenda," Lambert alikuwa akimwambia. Kisha walitazama bei iliyochapwa pembeni, wakacheka, wakala ugali wao. Alikufa hajauona huo mchanga.

Sasa, kwa akina Lambert, mjane huvaa nyeusi mwaka mzima, na mwaka ukiisha hazivui mwenyewe. Ndugu wa mume humpeleka mtoni, humwogesha, kisha humvika kitenge kipya. Mtego uko hapo. Kitenge huletwa na mwanamume mmoja wa ukoo, na mjane akikivaa mbele ya watu, amemkubali huyo awe mume. Akikikataa, amemtukana marehemu, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kumvua weusi. Atazeeka nao. Na bi harusi gani atakubali kupimwa gauni na fundi aliyevaa msiba? Tangu Jeanne avae nyeusi, maharusi walikuwa wakimpita mlangoni wakijifanya hawamwoni, akabaki na watu wa kushonesha viraka.

Jacques aliuza mikanda na vifuniko vya simu kando ya barabara, Marshalltown. Alikuwa na mke, Victoire, aliyemwacha kwao Uvira na watoto, ambaye hakumtaja ila akiulizwa. Mwaka wa msiba ulipokaribia kutimia, Juni 2017, alifika Bellevue amevaa suti, mkononi ana mfuko wa nailoni. Akaketi kwenye kiti cha Lambert bila kukaribishwa, akatoa kitenge cha buluu chenye maua ya manjano, pande zima, akakilaza juu ya cherehani.

"Mama Gaëlle, ni wax ya kweli, hapana ya Chine," alisema. "Utashona muzuri. Siku ya kuondoa kilio utavaa, na batu bote bataona."

Jeanne alikipokea kwa mikono miwili, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kupokea kitu cha ukoo. "Aksanti, shemeji."

"Kaka alikuacha mikononi mwetu."

"Alikuacha wewe na deni la suti," Kidawa alisema kutoka jikoni, lakini kwa sauti ya kutosha jiko tu.

Jacques alipoondoka, Gaëlle aliyekuwa amesikiliza yote kutoka kitandani alisema, kwa Kiingereza chake cha shule, kwamba mama amwambie tu hapana, kwani kuna polisi. "Eish, Mama!" akamalizia. Ungemwelezaje mtoto wa Johannesburg kwamba kuna hapana ambazo hakuna askari wa kuzilinda? Alichukua mkasi akakate kitenge, mkasi ukamkatalia. Kesho yake vilevile. Alikuwa na hasira hata akala kidogo, na Jeanne si mtu wa kula kidogo.

Aliyeleta njia ni Mussa, kaka yake Kidawa. Kwa miaka mingi Mussa alikuwa dereva wa kampuni moja ya kupeleka wageni mbugani, mpaka siku alipojiuliza mbona hajawahi kumbeba mtu wa Yeoville, mtaa jirani na Bellevue. Akanunua basi dogo kuukuu, akalitengeneza, akaanza safari zake za watu wa kawaida: mnalala kwenye mahema wawili wawili, mnapika wenyewe, mnaosha vyombo kwa zamu. Akawapeleka wasusi, wauza viatu, walinzi. Alichokuwa akijivunia zaidi ni kwamba mbuga ya Kgalagadi imekaa juu ya mpaka, nusu Botswana, lakini ukiingia kwa geti la Afrika Kusini na kutokea hapohapo, huhitaji pasipoti. Hata mwenye karatasi ya ukimbizi anakwenda.

"Simba haulizi permit, dada Jeanne," alisema. "Anauliza nyama."

Jeanne alimwuliza kama huko kuna mchanga mwekundu. Mussa akaitazama ile sketi ya karatasi ukutani, akasema, "Huo huo."

Basi Jeanne akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya ukumbi na bia za sherehe ya kuondoa kilio aliyoitaka Jacques, akampa Mussa. Habari zikaruka. Kanisani walisema mjane haendi kutalii na nguo za msiba. Mama mmoja akasema safari za wanyama ni za wazungu, sisi wanyama tuliwakimbia kwetu. Jeanne akamjibu kwamba yeye alikimbia watu, wanyama hawajamkosea.

Jacques alikuja mwenyewe asubuhi ya safari, basi likiwa tayari linanguruma.

"Mwaka umetimia, wewe unatoroka?"

"Sitoroki, shemeji. Nguo ya kilio nitaiondolea kule."

"Kule ni jangwa! Hakuna mutoni. Nani atakuogesha, simba?" Watu ndani ya basi walicheka, naye akafikiri wamecheka upande wake. Akapoa. "Sawa. Nenda. Lakini kitenge yangu uvae, na utume picha kwa groupe ya famille. Bazee ba Uvira banangojea. Usipovaa, rudi na nyeusi yako, na hakuna atakayekuvua."

Jeanne alipanda basi. Kwenye mkoba alikuwa na kitenge hakijaguswa, gauni moja alilojishonea kwa kitambaa alichojinunulia mwenyewe, na mkasi, kwa kuwa fundi haachi mkasi nyumbani. Hakujua atafanya nini. Wenye kudai kwamba alipanga yote tangu Bellevue hawakuwa wameketi naye; alikuwa akiufungua mkoba na kuufunga hadi mji wa Kuruman.

Baada ya mji wa Upington dunia ilijivua miti. Barabara ikanyooka, mbingu ikawa kubwa kupita kiasi, na wanawake waliokuwa wakiimba nyimbo za kanisa wakanyamaza mmoja mmoja. Kesho yake, ndani ya mbuga, waliona choroa, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizonyooka, wamesimama juani kana kwamba jua ni la kwao. Waliona mti uliobeba kiota kikubwa kuliko paa la nyumba, kimejaa ndege wadogo, kila mmoja na tundu lake la kuingilia.

"Bellevue hiyo!" alipiga kelele msusi mmoja. "Kila mtu na mlango wake!"

Na waliona simba dume mwenye manyoya meusi, amelala katikati ya njia, wakati majike wawili wakivuka na damu mbichi midomoni. Dume akainuka polepole kuwafuata akale.

"Mnamwona Jacques?" Kidawa aliuliza. Basi zima likacheka hata Mussa akaomba watulie, mbuga ina sheria. Jeanne alicheka mpaka akalia, kisha akalia bila kucheka. Alimlilia Lambert, mume wake, aliyesimama usiku mwingi chini ya picha za mahali hapa, na hakuna aliyemwahi kwa kilio safari hii. Kidawa alimshika mkono akamwacha alie hadi amalize.

Walipiga kambi nje ya geti, kwenye shamba la mtu, na nyuma ya mahema palikuwa na tuta jekundu la mchanga. Asubuhi, baridi ya Julai ingali inauma, Jeanne alilipanda peku na nguo zake nyeusi. Wanawake wakamfuata wamejifunika mablanketi. Juu kabisa aliangalia bonde la mto Nossob, mto wa majani makavu na kokoto.

"Alisema kweli," Jeanne alisema. "Maji hakuna. Mutu haondoi kilio bila kuoga."

Kidawa alichuchumaa akachota mchanga kwa viganja. "Shoga, kwetu mtu akikosa maji hutayamamu. Hupapasa udongo safi, akapaka uso na mikono, na Mungu humkubalia. Sikufanyi Mwislamu, wala hii si sala. Lakini kama Mungu anaukubali mchanga, Jacques ni nani akatae?"

Jeanne alikunja mikono ya nguo yake nyeusi. Kisha akanyoosha mikono. Wanawake wa Bukavu, wa Lubumbashi, wa Tanga, wakampaka mchanga mikononi, usoni, shingoni, na mama mmoja wa kanisa, yuleyule aliyesema safari ni za wazungu, akaanza wimbo. Wakamzungushia mablanketi. Nguo nyeusi zikaanguka ndani ya duara, na Jeanne akatoka amevaa gauni lake la rangi ya machungwa, refu, lenye sketi iliyokatwa kwa kipimo cha ile karatasi. Walipiga vigelegele mpaka mbwa wa shamba wakaitikia.

"Na hiki?" Kidawa alikuwa ameshika kitenge cha buluu.

Habari ya kitenge ilijulikana na wote. Kukivaa ni ndoa. Kukirudisha ni matusi, na weusi ule pale mchangani ungemngoja aurudie. Jeanne alikitandaza juu ya tuta. Ni wax ya kweli, hakuna ubishi. Alipitisha kidole kwenye pindo, akautoa mkasi, na safari hii mkasi haukukataa. Alikata kutoka ukingo hadi ukingo, tena na tena, bila kupima, mkono umezoea. Alimfunga Kidawa kilemba cha kwanza. Alimfunga mama wa kanisa. Aliwafunga wote waliokuwa pale, kichwa baada ya kichwa, sare kamili kama ya harusi. Akashuka tutani kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli, akamkuta Mussa anachemsha chai, akamfunga na yeye shingoni.

"Dada Jeanne, na mimi?"

"Na wewe, kaka. Simama tupige picha."

Mtandao ulipatikana walipofika Upington. Jeanne alituma picha kwenye kikundi cha ukoo, kisha akashika simu karibu na mdomo, na basi zima likamsogelea kumsikiliza.

"Shemeji Jacques, jambo. Niko mimi, bibi ya Lambert. Kilio nimeondoa, nimeoga, mashahidi beko hapa. Kitenge yako ilifika, ikatosha, aksanti sana. Kama desturi ya kwenu ni kwamba anayeivaa ni bibi yako, basi bibi zako ndio hawa. Yule wa mwisho mwenye ndevu anaitwa Mussa. Mahari yake utapeleka Tanga. Mimi nguo yangu nilijinunulia."

Ilionekana Jacques anaandika, kisha haandiki, kisha anaandika tena. Mzee mmoja wa Uvira akatuma alama ya kicheko, akaifuta haraka, lakini watu walishaiona. Mussa alikuwa amekwisha kuwasha gari ujumbe ulipoingia kutoka namba ambayo haijawahi kusema neno katika kikundi kile tangu kianzishwe. Jina lilikuwa Victoire, mke wa Jacques.

"Mama Gaëlle," aliandika, "na mimi uniwekee kilemba."

Jeanne alifungua mkoba. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Akakikunja vizuri, akakiweka chini ya mkasi.