Nilisimama Peke Yangu Kwenye Mkutano wa Wazazi

Admin, tafadhali ficha jina langu, wazazi wengi wa shule yetu wako kwa hii page. Mimi ni mama wa miaka 38, niko Kisumu, nauza mitumba soko la Kibuye. Bwanangu anafanya kazi Bondo na huja mwisho wa mwezi, kwa hivyo nyumbani ni mimi na binti yangu tu. Mwaka huu wazazi wa darasa lake, shule ya umma hapa mjini, walinichagua niwe mwakilishi wao.

Kwenye ploti yetu ya kupanga kuna jirani, nitamwita Mama Lavender. Alikuwa kama dada kwangu, na binti zetu wanasoma darasa moja. Jioni moja aliniletea Lavender, mkono umefura mpaka hawezi kushika kijiko. Mwalimu wa hesabu alikuwa amemchapa fimbo. Mama yake alilia sana. Akaniambia, "Yawa jamani, wewe ndio mwakilishi. Nikianza mimi watamtesa mtoto. Anza wewe, nitasimama nikuunge mkono."

Basi kwenye mkutano nikasema. Jina la mtoto sikutaja, nilieleza tu vile mkono ulikuwa. Mwalimu mkuu akauliza kwa upole, "Mzazi wa huyo mtoto yuko hapa?" Mama Lavender alikuwa ameketi kando yangu, anaangalia chini. Nikamgusa goti. Akalisogeza. Mzee mmoja akasema, "Huyu mama anataka tu kumharibia mwalimu jina, na huyo mwalimu ndiye anapitisha watoto wetu mtihani." Watu wakapiga makofi, mimi bado nimesimama.

Tangu siku hiyo wazazi wamefungua group ingine ya WhatsApp, mimi simo. Nikienda kuchota maji, Mama Lavender anangoja ndani mpaka nimalize. Binti yangu ameniambia, "Mama, Lavender amekatazwa kuongea na mimi." Anakula lunch peke yake. Nilimvizia Mama Lavender kwa mlango nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema polepole, "Mtoto wako hajaguswa. Wewe utajua nini?" Akafunga mlango.

Wiki iliyopita nilienda ofisi ya elimu. Afisa alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia, "Mama, nakuamini. Lakini bila jina la mtoto siwezi kumgusa huyo mwalimu." Anangoja nimpigie simu. Na jana binti yangu alikuja akaniambia mtoto mwingine amechapwa na mwalimu huyo huyo, hadi akashindwa kuandika.

Nikitaja Lavender, nitakuwa nimemwanika mtoto wa mwenzangu bila ruhusa ya mamake, na huo urafiki sitauona tena. Nikinyamaza, fimbo inaendelea, na kesho inaweza kuwa ya binti yangu. Bwanangu anasema niachane na mambo ya shule. Hapa ploti sina tena wa kumuuliza, ndio nimewaandikia nyinyi ambao hamnijui. Kama ungekuwa mimi, hilo jina ungelitaja?