Almasi za Baba, Jiwe la Mama

Mpaka leo nikisikia jiwe likisugua chungu kibichi, swii, swii, mikono yangu huuma kabla hata sijaanza kazi. Nimechoka, wenzangu, acheni niseme. Lakini sauti hiyo ndiyo hunirudisha kwetu, ufukweni mwa ziwa, enzi za Mdachi, mwaka ule baba aliporudi kutoka machimbo ya almasi huko kusini.

Aliondoka mtu wa miraba minne, akarudi mifupa, kikohozi na blanketi moja. Hadithi, hizo alikuja nazo tele. Alisema kule wengine waliamini almasi huota pale radi ilipopiga. Yeye aliona zikitoka kwenye udongo wa buluu tu.

"Kumbe udongo!" mama alicheka. "Si hata mimi nachimba?"

Tena, alisema baba, Mzungu humvisha mchumba wake almasi kidoleni kwa kuwa haivunjiki, ili ndoa nayo isivunjike. Ukiipiga kwa nyundo, hupasuka nyundo.

"Na mama yako, Sekela," akaniambia, "anayo yake, kila siku iko mkononi."

Alitania. Mimi nikaamini.

Mama alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wote wa kwetu. Jiwe lake la kung'arishia vyungu alipewa na bibi siku ya kuolewa, jeusi, laini kama jicho la samaki. Kwa jiwe hilo tulikula: vyungu vilivyong'aa vilipanda mtumbwi hadi sokoni Mwaya, tukarudi na mchele na ndizi. Baba hakuweza tena hata kuvuta wavu, basi mama alifanya kazi ya watu wawili. Nikawaza, ikijulikana kweli ni almasi, mama atapumzika. Nikaliweka jiwe lile juu ya jiwe la kusagia, nikainua shoka, nikalipiga kwa nyuma yake.

Likawa vipande vitatu.

Mama hakunichapa. Alikaa chini akaviokota kimoja kimoja. "Umenikata mkono, mwanangu," alisema. Heri angenichapa.

Baba alisikia yote akiwa mkekani. Wiki nzima hakuwa ametoka nje, lakini kesho yake alishika fimbo, akaenda ufukweni kutafuta jiwe jingine. Aliporudi nalo, mama aliligeuzageuza, akalijaribu kwenye chungu.

"Ndaga, Baba Sekela, asante. Bado kidogo. Nitafutie jingine."

Akaliweka chini ya ukuta. Kesho yake likaja la pili, bado kidogo. Siku zikapita, safu ikarefuka. Baba akaanza kula tena. Alinichekesha, eti machimboni hakuwahi kutafuta kwa bidii namna hii, na miaka yote ile hakuishika almasi hata moja. Wenyewe walizichukua kwanza.

Siku hizo mama alisugulia kigae, na vyungu vilitoka vimefubaa. Kule Mwaya wanawake walivigonga, wakavirudisha chini: "Mama, mbona safari hii vimelala hivi?" Tulirudi na kichane kimoja cha ndizi. Nilimkasirikia mama, jamani, nilimkasirikia kweli. Maringo gani haya na njaa iko ndani!

"Si uchukue lolote tu?" nikamwambia.

"Chota maji, acha maneno."

Masika yalipokolea, baba alifariki. Tulipomaliza matanga, mama alikwenda pale ukutani. Nilidhani atayajaribu yote tena. Hakujaribu hata moja. Alikwenda moja kwa moja mwanzo wa safu, akachukua jiwe la kwanza kabisa, akakaa, akasugua. Chungu kiling'aa siku ile ile.

Nililibeba jambo hilo miaka mingi bila kulielewa. Nikaolewa, nikazeeka, na mume wangu naye akaugua, akageukia ukuta, hataki chakula wala maneno. Nikamwomba anisukie kikapu cha kubebea udongo. Akajikongoja siku tatu, akanipa kikapu kizuri ambacho mfano wake sijapata kuuona. Nikakigeuzageuza.

"Asante, baba," nilijisikia nikisema. "Bado kidogo. Nisukie kingine."