Dansi Iliyompeleka Amandine Uwanjani

Amandine alikuwa mama wa watoto watatu, wa kwanza akiitwa Elvire, na msafishaji wa vyumba hotelini karibu na uwanja wa ndege alipojiunga na chuo cha jamii. Naserian, kocha Mkenya wa riadha chuoni hapo, alimwona siku moja akikimbia mvua kwenye maegesho ya magari, akamfuata mbio mpaka mlangoni kumwomba aingie timu. Mji mzima wa Euless ulicheka, na Amandine akacheka kuliko wote. Akakubali.

"Lakini Mama Elvire, ukitaka kushindana mwezi wa tatu, muhula huu uchukue idadi kamili ya masomo, uyapite yote, na wastani usishuke chini ya C," Naserian alimwambia.

Haukupita muda darasa lake la historia likafutwa kwa kukosa wanafunzi. Akawa amepungukiwa somo moja. Yaliyobaki yote yaligongana na zamu za hoteli, isipokuwa dansi ya wawili wawili.

"Mimi? Mwanakwaya wa kanisani nicheze dansi?" Amandine alishangaa.

"Inahesabiwa kama somo," alijibu Naserian, akiuma midomo asicheke.

Basi jiko likageuka ukumbi. Bintiye Elvire alihesabu hatua kwa Kiingereza, mama akazunguka na mwiko mkononi. Majirani wa chini walipanda kulalamikia kishindo, wakaishia kucheza nao.

Siku ya mtihani wa dansi, mwenzake wa kucheza naye akaugua. Mwalimu akamruhusu alete mtu yeyote. Mumewe Godefroid akafika mbio kutoka ghala alikofanya kazi, mji jirani wa Irving, na viatu vyake vizito vya kazi.

"Nifanye nini?"

"Nishike, unifuate, usinikanyage!"

Akamkanyaga. Wakaangua kicheko, wakazunguka kinyume, wakagonga jozi nyingine, wakaomba radhi bila kusimama. Mwalimu alijifuta machozi ya kicheko.

"Mume wako ni balaa," alisema, "lakini wewe hukupoteza mdundo hata mara moja. B."

Masomo mengine nayo akayapita, ruhusa ya kushindana ikatoka. Mwezi wa tatu Amandine akasimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za mita elfu tano, kati ya wasichana wa rika la Elvire. Wakamwacha mbali.

"Go, Mama, go!" Elvire alipiga kelele, huku Godefroid akirukaruka jukwaani.

Mzunguko wa mwisho, msichana mmoja mbele yake akalegea. Amandine akamfikia, akampita, akamaliza wa pili kutoka mwisho, mikono juu, kisha akaanguka kwenye majani akicheka. Yule msichana naye akafika, akajilaza kando yake, na kicheko kikamshika hata yeye.