Kitabu Kichwa Chini

Mwaka ule mgodi ulisimama na majirani wakafukuzwa kazi, mi nilivamia darasa la binti yangu na hasira yangu yote.

— Mwalimu, munatudanganya! Mutoto anashika kitabu kichwa chini, anakariri tu! Leo namutosha masomo, narudi naye nyumbani!

Mwalimu akacheka.

— Mama, mumupatie kitu yenye hajasoma.

Nikamtupia binti yangu gazeti nililofungia samaki. Akaligeuza kichwa chini, akalisoma lote bila kukwama.

Ndipo nikaona meza. Tangu mgodi usimame, shule ilibakiwa na kitabu kimoja, batoto wote wamekizunguka, na binti yangu hukaa upande wa juu, anapoona maandishi kinyume.

Mi na diplome yangu, nikajaribu kusoma toka upande ule, nikakwama! Darasa likacheka. Binti yangu akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.

— Mama, ikala hapa, nitakufundisha.